Raba Kumi za Kyai Grobag

Bandung, 10 Juni 1991

Kwa Baba Mdogo Suparjan,
Gondosuli, mlima Lawu.

Shikamoo, Baba Mdogo. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la karakana hakijaniacha. Naomba barua hii iwakute nyote salama: wewe, Mama Mdogo Sarmi, na Mama yangu. Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko? Mwambie zile soksi nilizomtumia ni za kuvaa, si za kufungia kabatini zingoje wageni. Nasikia binti wa Mzee Karto amejifungua mapacha. Wape pongezi zangu, na uniambie wamefanana na nani.

Sasa nije kwenye kifurushi. Ndani mna raba kumi za breki za jipu letu, Kyai Grobag, nane za magurudumu na mbili za masta silinda. Nimezitengeneza mwenyewe. Zile kuukuu ulizonipa Idi ya mwaka juzi nilizipima moja moja, nikachonga kalibu ya chuma, na Pak Encep mwenye karakana akaniruhusu kutumia mashine yake siku za Jumapili. Jipu la mwaka 1944 halina tena spea ya kiwandani, limebaki na sisi waigaji. Spea ya kuiga si mbaya, Baba Mdogo, ila haisamehe uzembe. Kwa hiyo nakuomba, bila kukukosea adabu: nawa kwa sabuni kabla ya kuzishika, futa silinda kwa kitambaa kikavu, na unapozifunga zilowe mafuta ya breki ya kopo. Baada ya hapo, kila mwezi fungua gurudumu moja utazame.

Zikifika zibonyeze kwa dole gumba. Ukikuta iliyo laini kuliko nyingine, iweke kando, uniandikie. Nasema kwa tahadhari tu.

Gari ni la marehemu Baba na dereva ni wewe, najua sina la kukufundisha. Lakini mteremko wa kwenda soko la Tawangmangu naujua, na najua ni nani anayekaa kiti cha mbele kila siku ya soko, siku ya Legi, na karoti zake.

Mwanao,
Winarsih


Gondosuli, 27 Juni 1991

Nduk Winarsih, binti yangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Huku tupo, tunapumua, kabichi zinakua. Mama yako hajambo. Soksi anavaa, lakini mikononi, anapong'oa karoti asubuhi. Anasema miguu yake imezoea. Mapacha wamefanana na Karto mwenyewe, masikini, na wote wasichana. Mama yako Mdogo anauliza kama huko Bandung hakuna wanaume, au wote wamegeuzwa raba. Mimi sikuuliza. Nimeandika nilichotumwa.

Kifurushi kimefika. Nimezibonyeza zote kumi, ni ngumu kama kichwa cha Karto. Nilitaka kuzifunga siku ile ile, maana za zamani zimekwisha kabisa. Nakanyaga pedali mara tatu ndipo gari likumbuke kusimama. Lakini mama yako kanishika mkono. "Suparjan, wiki mbili tu Suro inaingia. Kitu kigeni hakiingii ndani ya urithi kabla ya kuoshwa."

Naye ni shemeji yangu mkubwa, mke wa kaka. Niseme nini? Unamkumbuka marehemu: kila mwezi wa Suro, mwaka mpya wetu wa Kijava ukiingia, Kyai Grobag na jambia la babu waliogeshwa pamoja kwa maji ya maua na ndimu, kisha wakapakwa mafuta ya sandali. Watu walicheka kwamba anaogesha jipu la jeshi kama bwana harusi. Akawajibu, "Linalonilishia mtoto, nitaliogesha." Basi tunangoja. Nitazifunga siku itakayofuata.

Hadi hapo nateremka pole pole. Usikonde.

Baba yako mdogo,
Suparjan


Bandung, 8 Julai 1991

Shikamoo, Baba Mdogo. Nisamehe kwa salamu fupi. Barua yako imenifikia leo mchana na naandika nimesimama kwenye kaunta ya posta.

Muogesheni Kyai Grobag mpendavyo, bodi, boneti, taa. Lakini raba zibaki ndani ya boksi. Mafuta ya sandali ni dawa ya chuma. Kwa raba za breki ni sumu. Hazionyeshi kitu siku hiyo. Zinavimba kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mle ndani ya silinda usikoona. Mwambie Mama kwa upole kwamba nilipaswa kulisema hili kwenye barua ya kwanza, nikasahau. Kosa ni langu.

Leo Jumatatu. Suro ni Jumamosi, na barua huchukua siku nane. Nilishika fomu ya telegramu nikairudisha. Telegramu ya huko husomwa na posta nzima kabla haijafika kwa mwenyewe, na Mama angesikia sokoni kwamba binti yake anamkosoa mambo ya Suro. Nimelipa barua ya haraka. Pengine itawahi.

Winarsih


Gondosuli, 24 Julai 1991

Nduk,

Amani iwe kwako. Barua yako ya haraka ilifika Jumatano ya tarehe 17, ikiwa imechoka.

Suro ilikuwa nzuri mno. Mama yako alivaa batiki yake ya kahawia, ile ya harusini. Maua alichuma mwenyewe tangu alfajiri. Karto alikuja kutucheka, akabaki kula, akaondoka na sahani mbili za wali wa nazi kwa ajili ya wale mapacha ambao hawana hata jino. Kyai Grobag alimeta hadi kuku wakawa wanajitazama kwenye bampa. Mama yako alifurahi sana. Amesema mkono wako unaonekana kwenye kila raba.

Breki nimezifunga. Gari linasimama kama punda aliyeona nyoka. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako Mdogo amepata mbegu mpya ya vitunguu na hatulali kwa habari za vitunguu. Baridi imeanza kuuma.

Suparjan


Bandung, 5 Agosti 1991

Baba Mdogo, shikamoo. Nafurahi mlisherehekea vizuri. Karto mpe salamu zangu na umwambie wali wa nazi haunyonywi.

Lakini hukunijibu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nimejua habari za kuku, za vitunguu, za bampa, na swali langu silioni popote. Mama aliuonaje mkono wangu kwenye kila raba, kama raba zilikuwa ndani ya boksi?

Sikuulizi kwa ukali. Naomba basi unijibu haya tu, kwa ukweli. Ndani ya magurudumu pana unyevu? Pedali inazama unapokanyaga? Mafuta ya breki yanapungua? Ukiona dalili moja kati ya hizi, liegeshe gari siku hiyo hiyo. Nina sababu zangu za kuuliza. Teh Iroh, mwenzangu wa mashine ya pili, anasema siku hizi nazungumza na raba. Ni kweli. Nikilala naota mteremko.

Winarsih


Gondosuli, 17 Agosti 1991

Nduk,

Leo sikukuu ya Uhuru. Nakuandikia bendera zikipepea na wazee wazima wakikimbia ndani ya magunia. Karto kaanguka mara mbili, zote mbili kabla ya kipenga.

Majibu yako, hakimu. Magurudumu makavu kabisa. Pedali haizami. Mafuta hayapungui hata tone. Umeridhika? Tena pedali imekuwa ngumu na fupi. Nikiigusa tu gari linashika, na siku nyingine likishika haliachii, kama shangazi kwenye salamu. Kwa hiyo siigusi sana. Nateremka kwa gia ya kwanza na breki ya mkono, kuzitunza raba zako.

Mshitaki mama yako, si mimi. Zamani alipanda siku za Legi tu, siku za soko. Sasa kila siku ya Mungu yuko kiti cha mbele kabla sijawasha. Leo asubuhi nilimuuliza, "Shemeji, leo Pahing, si siku ya soko, unakwenda kuuza nini?"

"Karoti."

Nikachungulia kikapuni. Karoti mbili.

"Shemeji, karoti mbili si za kuuza, ni za sungura."

"Basi nitatafuta sungura. Washa gari."

Uzee umemwingia, Nduk. Akae nyumbani hataki, azungumze njiani hataki. Ananitazama mikono tu.

Suparjan


Bandung, 26 Agosti 1991

Baba Mdogo,

Safari hii nimetuma na telegramu, wasome wote wanaotaka: GARI LISIMAME. MAMA ASIPANDE. Barua hii inaeleza.

Pedali ngumu, fupi, breki zinashika haziachii: hizo si habari njema. Raba zimevimba. Zinaziba njia ya mafuta yasirudi, breki zinabaki zimebana unapoendesha, magurudumu yanachemka. Gusa chuma katikati ya gurudumu ukifika sokoni. Naamini mkono hautakaa. Yakichemka sana, mafuta ya breki yanatokota, na siku hiyo pedali itazama hadi chini bila kushika kitu.

Nawe unajua. Mtu anayeamini breki zake hateremki kwa breki ya mkono.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimekudai ukweli nikiwa sina mkononi. Nilipokuuliza unyevu na kuzama kwa pedali, nilikuwa naulizia dhambi yangu. Jumapili niliyopika raba zile mashineni umeme ulikatika katikati. Raba isiyoiva ikifanya kazi humeng'enyeka na kuvujisha. Pak Encep alisema tupa, anza upya. Lakini ndiyo ilikuwa Jumapili yangu ya mwisho ya mashine, na nilishawaahidi. Umeme uliporudi nikazirudisha motoni, zikatoka zinang'aa, nikazifunga kwenye boksi. Tangu Juni nimekaa na hilo. Sikukuandikia kwa sababu mngesema mtoto wa karakana ametuma takataka kwenye gari la baba yake.

Sijui ni raba zangu au ni sandali au ni vyote viwili. Sitaki hata kujua. Nataka Mama ashuke.

Winarsih


Bandung, 7 Septemba 1991

Baba Mdogo,

Telegramu yenu imefika: SOTE WAZIMA BARUA INAFUATA. Siku nane zimepita na barua haifuati.

Samahani, haijanituliza. Kwetu "sote wazima" husemwa hata jeneza likiwa sebuleni. Baba alipofariki nilikuwa hosteli, na barua niliyopata ilianza na habari za bei ya kabichi. Kama Mama ameumia, niandikieni ameumia. Kama ni wewe, mwambieni mtu yeyote anayejua kushika kalamu aniandikie.

Nimeomba ruhusa. Pak Encep anasema si kabla ya mwisho wa mwezi, kuna oda. Ila ameniongezea Jumapili moja ya mashine, nimetengeneza raba kumi nyingine. Nilipozipika nilikaa mbele ya mashine sikuondoka hata kwenda kunywa maji, na nilipozitoa nikakata moja vipande viwili kuona ndani, kisha nikapika nyingine badala yake. Zimeiva. Lakini sizitumi kwa posta mpaka nijue kama kuna wa kuzifungia.

Winarsih


Gondosuli, 12 Septemba 1991

Nduk Winarsih, binti yangu,

Usicheke mwandiko. Naandika kwa kushoto. Wa kulia umefungwa banzi kuanzia kiwiko, na katika nyumba hii mwenye kalamu ni mimi peke yangu. Mama yako yuko hai. Ana uvimbe mmoja kwenye paji la uso, nao umeshakuwa wa njano. Nimeanza na hilo, usinilaumu tena kwa bei ya kabichi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Agosti, siku mbili kabla ya telegramu yako. Tulikuwa tumepita kona ya mianzi. Tangu juu gari lilikuwa linajivuta lenyewe, nikanusa moto, nikaona moshi gurudumu la kushoto. Nikavuta breki ya mkono, ikanuka nayo, ikaachia. Nikakanyaga pedali, nayo ikazama hadi kwenye bodi, laini kama tope. Hakukuwa na kitu chini ya mguu wangu, Nduk. Mbele kulikuwa na lori la maziwa. Nikakata kulia, tukaingia shambani kwa Karto, tukapita safu kumi na mbili za kabichi (kazihesabu mwenyewe) na kusimama kwenye tuta. Usukani ukanivunja mkono. Mama yako alipiga kichwa kwenye kioo, akabaki amekumbatia kikapu chake.

Nimezifungua raba kwa mkono mmoja. Hakuna iliyomeng'enyeka, hakuna iliyovuja. Zimevimba zote kumi, laini kama tempe ya soya ya juzi, na zinanukia sandali hadi leo. Mashine yako haina kesi. Raba zako ziliiva, Nduk. Lala.

Kesi ni yangu. Barua yako ya Julai ilinikuta nimeshazifunga siku tatu. Niliisoma nyuma ya zizi, nikaikunja. Ungeiona Suro ile ungenielewa, au usingenielewa, lakini nitasema. Mama yako alizipanga raba zako kwenye kitambaa cheupe kando ya jambia la babu. Akachovya kidole kwenye sandali, akaipaka ya kwanza, akataja jina lako. Akaipaka ya pili, akataja jina lako. Mara kumi. "Winarsih awe salama barabarani. Winarsih apate mwenzake. Winarsih arudi nyumbani." Nilikuwa nimesimama pale na ndoo. Hata bila barua yako moyo uliniambia mafuta yale hayafai, maana uliandika mafuta ya breki ya kopo. Lakini ningemkatiza vipi? Na barua ilipofika, ningemwambia nini? Kwamba dua yake kwa mwanawe ni sumu? Nilizifuta kwa kitambaa kabla ya kufunga, nikajidanganya inatosha. Raba nyingine sikuwa nazo, na nyumba inakula kwa gari hilo. Nikasema nitaendesha kwa akili. Aibu yangu nikaipakia kwenye gari pamoja na watu.

Pale shambani, gari likitoa moshi na Karto akija na jembe huku akipiga kelele, nilimwambia mama yako kila kitu. Nililia, Nduk, mtu mzima na ndevu. Yeye akatoa leso, akanifuta mimi kwanza, kisha paji lake.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, Shemeji?"

"Najua breki mbovu. Unavuta mkono ule kama mtu anayeteka maji kisimani, nisijue? Nimekaa kiti hiki miaka ishirini. Mguu wako wa kulia umeacha kwenda kwenye breki tangu baada ya Suro."

"Na ukapanda?"

"Ukiwa peke yako unakimbia, Suparjan. Ulikimbia tangu mtoto. Nikiwemo mimi unakwenda pole pole."

Karto alifika, akatukuta tumekaa kwenye kabichi zake tunalia, akaacha jembe, akakaa na yeye.

Mama yako amesema raba mpya usizitume. Uzilete mwenyewe mwisho wa mwezi na uzifunge mwenyewe, kwa sababu mkono wangu hautakuwa tayari na hata ungekuwa tayari hanipi. Ataziosha, hilo hakubali kuliacha. Lakini atazioshea ndani ya boksi lake, boksi likiwa limefungwa, kwa maua tu. Sandali atakupaka wewe kichwani.

Siku ile ya ajali, jioni, nilikichukua kikapu chake kukitia jikoni. Nikatazama ndani. Karoti zilikuwa mbili, zimenyauka zimekuwa nyeusi, laini kama kamba. Ni zile zile, Nduk, za mwezi mzima. Hakuwa hata akizibadilisha.

Baba yako mdogo,
Suparjan